Kuonyesha Uchafu Usioonekana: Niliyojifunza Kando ya Ziwa pale Ggaba

Ukifika Ggaba, ufukweni mwa jiji la Kampala, asubuhi kabla upepo haujaamka, Ziwa Viktoria halionekani kabisa kama ziwa lenye maradhi. Boti za kwenda visiwani zinapakia kreti za soda na mabati, akina mama wanaparua magamba ya sato, na maji yametulia yakiwa na rangi ya kijani iliyofifia ambayo mgeni anadhani ndiyo rangi yake tangu enzi. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo. Chupa za plastiki na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, zinazoelea kila mtu anaziona, hazihitaji mwalimu. Lakini kinacholidhuru ziwa hili zaidi kimeyeyuka ndani yake, na huwezi kumwonyesha mgeni kwa kidole ukamwambia, "Tazama, ile pale ndiyo fosforasi," yaani kirutubisho kinachostawisha mwani majini.

Mimi nimekulia Bukoba, upande wa Tanzania wa ziwa hili hili, na kazi ndiyo iliyonileta Kampala. Kwa miaka kadhaa sasa nimo katika kikundi kidogo cha walimu na vijana wa kompyuta tunaopokea wageni kando ya ziwa: wanafunzi wa shule za hapa, watalii kutoka Nairobi na Mwanza, wafanyabiashara wa Kongo waliokuja kununua bidhaa mjini wakabakiwa na siku moja ya kutembea. Tunawapa kishikwambi. Wakikielekeza mahali tulipopaandaa, kamera inawaonyesha mahali pale palivyo, na juu ya picha hiyo programu inaongeza vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Ndiyo teknolojia ya uhalisia ulioongezwa. Najua wapo walimu na waongoza wageni wengine kuzunguka ziwa wanaoifikiria, na ningependa wasianze pale tulipoanza sisi.

Kwanza niseme tunachofundisha, maana bila hicho mashine ni kiini macho tu. Sehemu kubwa ya maji machafu ya Kampala huishia kwenye mtaro wa Nakivubo. Mtaro huo unapita karibu na soko la Owino, unakata eneo la viwanda, unapita Namuwongo, unaingia kwenye kinamasi, kisha unamwaga katika Ghuba ya Murchison upande wa Luzira. Kaya nyingi za jiji hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka, zinatumia vyoo vya shimo, na mvua kubwa ikipiga, sehemu ya yaliyomo humo inasombwa hadi mtaroni pamoja na sabuni, oili ya gereji na uchafu wa masokoni. Na ghuba hiyo hiyo ndiyo ambayo mitambo ya Ggaba inavuta maji, inayasafisha na kuyarudisha mjini yanyweke. Kadiri ghuba inavyochafuka, ndivyo kusafisha kunavyohitaji dawa na fedha zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya jiji kwenda kujenga mtambo mwingine mbali, Katosi, wilayani Mukono.

Sasa mgeni aliyesimama Ggaba hauoni mtaro wala kinamasi. Anaona maji tu.

Wazo letu la mwanzo lilikuwa mgeni aelekeze kamera ziwani na aone vitu juu ya maji yenyewe. Ziwa likakataa. Programu za aina hii hutafuta alama zisizosogea, kama kona ya ukuta, jiwe au ufa kwenye saruji, na kwa alama hizo ndipo zinajua simu iko wapi na picha ikae wapi. Maji hayana kitu cha kushika. Yanacheza, yanaakisi mawingu, kila sekunde yana sura nyingine. Ukimweka samaki juu yake, samaki anapanda angani au anakuja miguuni pa mgeni. Ndani ya boti ni vigumu zaidi, kwa sababu kamera inaona ubao wa boti umetulia ilhali vihisi vilivyomo ndani ya simu vinasikia wimbi likiinua na kushusha. Viwili hivyo havipatani, na picha yote inateleza.

Kilichofanya kazi ni turubai. Tulichapisha ramani kubwa ya ghuba, kutoka vilima vya Kampala hadi maji ya wazi, tukaitandika kwenye saruji chini ya mwembe. Mgeni akiielekezea kishikwambi, vilima vinainuka, mtaro unaanza kutiririka, kinamasi kinaota, na anaweza kulizunguka turubai akafuata maji kwa miguu yake kutoka sokoni hadi kwenye bomba la kuvutia maji ya kunywa. Nawasihi wote watakaojaribu: chapisheni kwenye kitu kisichong'aa. Plastiki inayong'aa inarudisha jua, kamera inapoteza alama zake, na somo linakwama wageni wakiwa wamesimama. Na mpange saa. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kioo cha simu ya kawaida hakisomeki nje, hapa tuko jirani kabisa na ikweta. Kivuli ni sehemu ya vifaa vya kazi kama ilivyo chaja.

Kuhusu simu za wageni nitasema kwa uchungu kidogo. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, kile kihisi kinachojua simu inapogeuzwa, na bila hicho programu ama haifunguki ama inatikisika. Nimeona kijana wa kidato cha pili akiizungusha simu yake mbele ya wenzake huku haileti kitu, na uso wake unabadilika. Hakuna mtoto anayepaswa kuondoka kwenye somo la mazingira akijiona maskini. Siku hizi hatumwombi mtu yeyote simu yake. Tuna vishikwambi vichache, kila kitu kimeshapakuliwa humo ili asimalize mtu bando, na watu watatu wanashika kimoja. Faida yake ilinishangaza: watatu wakishika kioo kimoja wanaulizana. "Hebu rudisha pale. Hiki ni nini?" Aliye peke yake anatazama tu, anamaliza, anarudisha.

Picha inayowagusa wageni kuliko zote si ya uchafu. Ni ya mafunjo.

Kinamasi cha Nakivubo kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kusafisha maji bila mshahara. Maji ya mtaro yakiingia humo yanapunguza mwendo, tope linatua, na mizizi ya mafunjo inanyonya fosforasi na naitrojeni kabla hazijafika ziwani. Mwaka 1999 wachumi waliikadiria thamani ya kazi hiyo kuwa kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Tangu hapo sehemu kubwa ya mafunjo imekatwa, watu wamelima magimbi na miwa, wengine wamejaza udongo na kujenga, na maji yamepata njia ya mkato. Kwenye turubai letu mgeni anagusa kinamasi, mafunjo yanaondoka, na papo hapo mkondo wenye rangi ya udongo unanyooka hadi ghubani. Anagusa tena, mafunjo yanarudi, mkondo unatawanyika na kufifia. Watu wazima hulirudia tendo hilo mara nyingi kuliko watoto. Mama mmoja, mwalimu kutoka Masaka, alikaa pale akiyaondoa na kuyarudisha hadi wenzake wakaanza kumwita chakula kiko tayari, kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi hapa karibu na nyumbani kwangu nimeona wanayachoma haya kila kiangazi, nikasema heri, mbu watapungua." Hakuna hotuba ingemfikisha hapo.

Hilo ndilo lililobadilisha namna ninavyoona kazi hii. Kifaa hiki kinaweza kuonyesha chochote, hata samaki mwenye macho matatu, na vijana wa michoro wanavutwa sana na mambo ya kutisha kwa sababu yanapendeza kuchora. Mimi naamini kitumike kwa jambo moja tu: kile kilichopo kweli na hakionekani. Uchafu unaoonekana, nenda kauonyeshe kwa mkono. Usichoweza kuthibitisha, usikichore.

Na kukichora kwenyewe kuna adabu zake. Tuna sehemu inayoonyesha mwani wa bluu-kijani, ambao kwa kweli ni bakteria. Aina inayotawala sana kwenye ghuba kama hizi ni Microcystis. Seli zake ni ndogo mno, nyingi zikishikamana ndipo unaona punje za kijani na, hewa ikitulia, utando juu ya maji. Vijana wetu walizichora kubwa kama mpira ili zipendeze. Mwanafunzi mmoja, mtoto wa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, anayeogelea kila siku, akatazama, akauliza kwa utulivu, "Mbona mimi sijawahi kugongana nazo?" Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Tangu siku ile kila kilichokuzwa kina duara jeupe linalokizunguka, na sauti inasema kimekuzwa. Kilichotokana na vipimo kina mstari mzima pembeni. Kilichochorwa kuelezea tu kina nukta nukta. Watoto wanashika kanuni hiyo haraka sana, na kisha wanaanza kutuuliza sisi: hiki nacho mmekipima lini?

Sehemu hiyo ya mwani ina jambo ambalo wakazi wa pwani ya ziwa wanalihitaji kuliko watalii. Baadhi ya mwani huu hutoa sumu zinazoitwa microcystin, ambazo hudhuru ini, na kuchemsha maji hakuziondoi. Watu wetu wamefundishwa vizuri kuchemsha, na ni sahihi, kwa sababu moto unaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini maji yaliyotoka penye utando wa kijani hata ukiyachemsha mchana kutwa, sumu hiyo imo. Ninaposema hivyo wazazi wananyamaza, wanatazamana. Basi nawaambia lililo rahisi: penye utando wa kijani msichote, hata kwa kumwogesha mtoto, na wala mbuzi wasinyweshwe hapo. Hilo halihitaji kishikwambi, ila kishikwambi kimewafanya wasikilize.

Halafu kuna wauza samaki. Tulikuwa na sehemu inayoonyesha chembechembe za plastiki zikiingia ndani ya samaki. Msingi wake ni wa kweli: watafiti walionunua sangara na sato soko la Mwanza walikuta plastiki katika matumbo ya samaki mmoja kati ya kila watano, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016. Wageni wakimaliza sehemu hiyo walikuwa wanapita mwaloni wakiwa wameshika midomo. Mama mmoja anayeuza pale karibu akanifuata akiwa na kisu chake mkononi na magamba hadi kwenye viwiko.

"Mwalimu, wageni wako wakitoka hapa wananipita kama sipo. Umewaambia nini?"

"Nimewaambia kuhusu plastiki tumboni mwa samaki, mama."

"Tumboni. Na tumbo huwa wanakula?"

Alikuwa na haki. Watafiti walichunguza njia ya chakula ya samaki, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kila anayeparua samaki anaitoa na kuitupa. Si kwamba jambo halina uzito. Plastiki imo ziwani na haifai kuwemo, na dagaa, wanaoliwa wazima na matumbo yao, ni habari nyingine inayotaka uangalifu. Lakini mgeni alikuwa anaondoka na hofu isiyolingana na ukweli, na anayeilipia ni mama huyu ambaye hajawahi kutengeneza chupa hata moja. Nikamwomba awe sehemu ya somo. Sasa wageni wakimaliza turubai wanakwenda kwenye meza yake. Anampasua sato mmoja mbele yao, anatoa matumbo kwa kidole kimoja, anayaweka pembeni kwenye jani la mgomba, anaeleza kila kiungo kwa Kiluganda na Kiswahili chake cha sokoni, kisha anaosha nyama kwa maji ya bomba. Anajua habari za samaki ambazo programu yetu haina. Wengi wananunua.

Upande wa wavuvi, kilichowaleta kwetu ni sangara waliokufa. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wakubwa walielea wakiwa wamekufa kwenye fukwe za Uganda, na maneno yakasambaa kwamba kuna watu wametia sumu. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba oksijeni ilipungua baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Mzee mmoja wa mwaloni hakuyakubali maelezo hayo kwa muda mrefu. "Dhoruba zipo tangu babu yangu," alisema. "Mbona hazikuua samaki?" Ni swali zuri sana, nasi tulijenga sehemu nzima kulijibu.

Inaonekana kama nguzo ya maji iliyosimama juu ya turubai. Juu maji yana joto na oksijeni, chini ni baridi zaidi. Mwani unapokuwa mwingi kupita kiasi, unakufa na kuzama, bakteria wanaouozesha wanaitumia oksijeni ya chini hadi inakaribia kwisha. Ziwa linabaki na tabaka la chini lisilofaa kwa samaki, limefunikwa na maji mazuri ya juu. Dhoruba ikija, inavichanganya. Sangara mkubwa anahitaji oksijeni nyingi na ndiye anayetangulia kufa. Dhoruba ni ile ile ya enzi za babu, kilichobadilika ni kile inachokikuta chini. Mzee aliivuta nguzo ile kwa kidole, akaleta dhoruba, akaangalia rangi ya chini ikipanda. Akasema anayakumbuka maji ya ujanani mwake, ulikuwa ukiona wavu ulivyokaa. Siku iliyofuata alikuja na wavuvi wenzake.

Kumbukumbu yake ina vipimo vinavyoiunga mkono. Ipo sahani inayoitwa ya Secchi, ina upana wa sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe zikipishana, unaishusha majini kwa kamba hadi isionekane, kisha unasoma urefu wa kamba. Miaka ya 1920 katika maji ya wazi ya ziwa hili sahani kama hiyo ilionekana hadi mita 7 au 8. Kufikia miaka ya 1990 ilikuwa inapotea kabla ya nusu ya hapo. Sisi tunawapa wageni sahani yenyewe, wanaishusha gatini kwa mikono yao, na mara nyingi inapotea kabla kamba haijamaliza mita moja. Haki ya mambo, ghuba si maji ya wazi na lazima niwaambie hivyo kila mara. Halafu wanaelekeza kishikwambi kwenye kibao kilichopigiliwa ukutani. Kwa kuwa hatuwezi kuchora ndani ya maji, tuliipindua kamba ya kale, ile ya mita 7 au 8, tukaipandisha juu: inatoka kwenye kibao, inapita paa la kibanda cha tiketi, inaendelea. Wageni wanainua shingo. Mkononi wana kamba yao iliyolowa, fupi, na juu yao ile nyingine. Kama mtu ana fedha za kutengeneza sehemu moja tu, nitamshauri aanze na hii.

Wageni wa Tanzania na Kenya wana neno lao kila wanapofika: kaveera. Kwao mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na wanashangaa kuiona hapa, ambako sheria ya kwanza ya kuizuia ilipita mapema zaidi, 2009, lakini haijashika. Wenyeji wanajitetea, mjadala unapamba moto kwenye kivuli cha mwembe, na mimi nauacha uendelee. Tanzania ina karibu nusu ya ziwa hili, Uganda zaidi ya asilimia 40, Kenya kama asilimia 6. Hao wabishanao wote ni wenye mali.

Swali ambalo turubai letu halikuweza kulijibu liliulizwa na mvulana kutoka Mwanza. Alifuata maji kutoka Kampala hadi ghubani, akauliza: "Na sisi wa kwetu, uchafu wetu unapita wapi?" Jibu ni pana kuliko mitaro. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa ya fosforasi inayolifikia inatoka hewani, imebebwa na vumbi la mashamba yaliyo wazi na moshi wa moto wa kusafishia mashamba, kuni na mkaa, katika nchi zote zinazolizunguka na nje yake. Mtu anayewasha moto wa majani kilomita nyingi kutoka ufukweni analilisha ziwa hili bila kujua.

Ndiyo tunayoijenga sasa, kwenye turubai jipya lenye ziwa zima. Inatusumbua. Majivu yakianguka kwenye kioo yanaonekana kama mvua, na mvua tayari ipo, kwa hiyo watoto wa majaribio walidhani zote mbili ni kitu kimoja. Msichana mmoja wa darasa la sita akapendekeza tone la mvua lionekane wazi kama kioo na ndani yake kuwe na chembe moja ya kahawia, kwa kuwa, alivyosema, mvua ndiyo inayoibeba. Vijana wa michoro wameshaanza kuifanyia kazi. Itakuwa na duara jeupe, maana imekuzwa, na nukta nukta pembeni, hadi tupate vipimo vya mvua ya hapa Ggaba.